Wikendi Ndefu ya Kasigau

Voi,
4 Novemba 1997

Dada Dinah mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku bondeni. Mwili wangu ni mzima, na naomba wewe, mama na watoto muwe hivyo pia. Goti la mama linaendeleaje na baridi hii ya mvua? Na kabeji, zimepona, au maji yamezoa shamba la chini?

Barua yako niliipata Ijumaa. Umeandika kwamba habari za Kasigau zimewafikia huko Mwanda, na kwamba Jumapili ijayo mama atasimama kanisani kumshukuru Mungu kwa ushujaa wangu. Acha nikueleze yaliyotokea kweli.

Unajua hapa ofisini mimi ndiye mpangaji wa matembezi. Kila Januari huchukua kalenda nikazungushia wino mwekundu sikukuu zote zinazoangukia Ijumaa au Jumatatu. Wenzangu huniita Waziri wa Sikukuu. Mwaka huu Siku ya Kenyatta ilikuwa Jumatatu, basi tukapanga siku tatu za Mlima Kasigau. Tulienda watatu: mimi, Maundu mwenye pikapu, na Tryphena, mpiga chapa wetu, mzaliwa wa Bura. Wenyeji walituonya tusikatize vichakani, maana ndovu walikuwa wakivamia mashamba. Niliwaambia wenzangu kwamba ndovu nawajua tangu utotoni. Wewe unajua kama ni kweli.

Jumapili asubuhi gurudumu lilipasuka. Maundu akabaki kulibadilisha, mimi na Tryphena tukatangulia kwa njia ya mkato. Tulisikia tawi likivunjika, na ndovu jike akatokea mbele yetu, karibu kiasi kwamba niliona tope likikauka kwenye paji lake. Akapanua masikio. Tryphena alinishika mkono akanong'ona, "Usikimbie, Sylus. Simama tu."

Maundu anasimulia kwamba nilipiga kelele nikamvuta ndovu upande wangu, Tryphena akapata nafasi ya kujificha nyuma ya mwamba. Ndivyo alivyoambiwa na Tryphena mwenyewe. Ofisi nzima inaisimulia hivyo, na bila shaka ndivyo mlivyoisikia ninyi.

Dada, sikumvuta ndovu. Nilikimbia. Tryphena alikuwa bado amenishika, nikamsukuma ili aniachie, akaanguka. Aliniita jina mara moja. Sikugeuka. Nilikimbia hadi barabarani, na nilipofika suruali yangu ilikuwa imelowa, na hakukuwa na mvua. Niliporudi na Maundu tulimkuta ameketi juu ya mwamba, kiatu kimoja hana. Ndovu alikuwa amekwenda zake. Tryphena alinitazama, kisha akamweleza Maundu huo uongo.

Wiki iliyopita, saa ya chai, nilimuuliza kwa nini alinifichia aibu. Alisema hakufanya kwa ajili yangu. Alisema ukweli ukijulikana, kila atakapoingia ofisini watu watamwona kama mwanamke aliyesukumwa kwa ndovu akaachwa. Alinitaka ninyamaze. Kwa hiyo hata kuungama siwezi, maana aibu yangu nitamvisha yeye.

Sasa wenzangu wananitaka niwaongoze tena sikukuu ya Jamhuri, kwa kuwa nayo ni Ijumaa. Naogopa, Dada. Ndovu siye ninayemwogopa sana. Mlango ukigongwa kwa nguvu hapa ofisini nashtuka, na kabla sijajua ni nani, miguu yangu imeshageukia dirishani, na najua nitampita yeyote aliye karibu nami. Nimewaambia sitaenda. Wanadhani ni unyenyekevu.

Nakuomba umzuie mama asisimame Jumapili. Mwambie lolote utakaloliona la kufaa, ila Tryphena usimtaje. Na ukiweza, usiache kuniandikia.

Wasalimie watoto wote na majirani wa hapo juu. Mama mshike mkono kwa niaba yangu. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Sylus