Redio Iliyoita Jina Lako

Sepuka, 29 Agosti 1975

Mdogo wangu Nathanaeli,

Redio yangu ilipotea tarehe 14 mwezi huu mikononi mwako, kwenye mkutano wa wahandisi wa umeme huko Dar es Salaam. Niliiunda mwenyewe kwa vyuma chakavu. Ukaniambia, "Dada, lazima wataalamu waione." Haya, wameiona.

Huku mtama tumeshapura. Mbuzi wako kazaa mapacha.

Nilikuonya. Waya wake wa ardhini niliuchomeka kwenye boma letu la zamani, tulikohamishwa kuja kijijini, kando ya kaburi la mama. Ilisema bila betri, kwa sauti ya mama. Na unajua, aliyezikwa akikuita, huitikii. Baba aliitika, hakumaliza wiki tatu.

Mwenzako Filipo ameniandikia kwamba redio iliita jina lako ukumbini, wataalamu wakapiga makofi, kisha ikatoweka mezani. Hakusema wewe ulifanya nini.

Jana redio ya ofisi ya kijiji ilikatiza taarifa ya habari. Mama akasema, "Marietha, mtandikie mdogo wako kitanda."

Sijatandika. Piga telegramu, inifikie kabla ya Jumatano, uniambie ndiyo au hapana: uliitika?

Dada yako,
Marietha