Siku Tatu Nilizoita Moja

Jumatatu, 3 Mei 1971

Mvua tena. Nimekamua ng'ombe watatu, nimepalilia mistari minne ya chai. Mgongo unauma. Mwalimu wa ngumbaru anasema tuandike kila siku hata kama hakuna kitu. Mimi ndiye wa kwanza kwa darasa. Wengine bado wanaandika jina kama kuku amepita kwa majivu. Nilikuwa nyapara wa chai miaka kumi na tisa, niliita watu mia mbili kwa majina bila kitabu. Sasa niko na kitabu.

Mke wa mwanangu Kibet amebakisha mwezi azae. Ni mke wangu, mama Kibet, ameniambia. Mimi siulizi. Baba mkwe hazungumzi mambo ya tumbo na mke wa mtoto wake. Nikiingia anageuza uso, anatoka. Ndiyo heshima. Miaka mitatu kwa boma langu na sijasikia maneno kumi kutoka kwake.

Jumatano, 5 Mei

Barua ya Kibet imefika kutoka Mombasa. Reli hawampi ruhusa. Hospitali wanataka mwanaume wa nyumba aje asikie mambo ya kuzaa. Kibet anasema, baba amua wewe. Vizuri. Nani mwingine?

Mtoto wao wa kwanza alikufa mwaka juzi. Mama yake walimpasua hospitali ya serikali, akapona. Vile ilikuwa, siandiki.

Ijumaa, 7 Mei

Tumeenda hospitali ya misheni, mimi na mama Kibet na mke wa Kibet. Sista ni msichana wa Kedowa, mdogo, lakini anauliza kama karani wa korti.

Anasema kwa sababu ya kovu kuna njia mbili. Moja, mama alale wodi angoje uchungu, wao wakimwangalia. Mbili, apasuliwe siku ya kupangwa, kabla uchungu haujaanza. Kila njia na hatari yake, akataja zote. Anasema lazima ajue vile ilikuwa mara ya kwanza ndiyo atushauri vizuri.

"Mzee, ule uchungu wa kwanza ulikaa siku ngapi?"

Nikasema moja.

Mama Kibet aliangalia viatu vyake. Mke wa Kibet alikuwa anaangalia ukuta, kwa sababu mimi niko. Sista akamuuliza, "Na wewe mama, unasemaje?" Akazidi kuangalia ukuta. Nikasema amekubali tungoje uchungu. Kisu hapana.

Sista akaandika. Mimi nikaweka jina langu, majina yote matatu. Akasema, "Mzee unaandika vizuri." Kila mtu kwa benchi alisikia.

Jumamosi, 8 Mei

Mama Kibet haniongeleshi. Chai ananiwekea kama mgeni amekuja kuuliza njia.

Jumatatu, 10 Mei

Leo ameongea. Nilikuwa nanoa panga.

"Baba Kibet, hiyo siku moja ulihesabu na kitabu gani? Kile cha ngumbaru?"

Nikamwambia anyamaze. Hakunyamaza. Anasema nikiwa pale yeye hawezi kunipinga mbele ya mgeni, na mke wa Kibet hawezi kufungua mdomo, na mimi najua. Anasema sista ataangalia karatasi na karatasi ni uongo wangu. Uchungu ukija, watangoja kwa sababu mimi nimesema mara ya kwanza ilikuwa rahisi. Kovu likipasuka mtoto anaenda, na mama anaenda.

Nimechoka. Sikula.

Jumanne, 11 Mei

Zilikuwa siku tatu. Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu atasoma.

Siku ya kwanza mkunga alikuja. Siku ya pili asubuhi akatoka nje akaniambia tafuta gari, mtoto amekwama. Pikapu ya jirani ilikuwa imesimama pale kwa gati, naiona. Nikasema mama yangu alizaa wanane juu ya ngozi ya ng'ombe, hakuna pikapu. Siku ya tatu ndiyo nilikubali. Mtoto alikuwa ameshakufa kabla tufike Silibwet, hospitali bado iko mbele.

Watu walisema ni Mungu. Mimi nikawaacha waseme.

Miaka kumi na tisa ukiamuru watu, mdomo unazoea.

Jumatano, 12 Mei

Nimepogoa vibaya. Nimekata chai ile ilikuwa nzuri. Kesho turudi hospitali.

Alhamisi, 13 Mei

Tumepanda lori ya maziwa. Matope mpaka kwa ekseli. Tumefika tukiwa kama udongo.

Nilimwambia sista nikiwa nimesimama. Nilidanganya. Zilikuwa siku tatu, na aliyekataa gari ni mimi.

Aliweka kalamu chini. "Mzee, mimi nashauri kwa yale mnaniambia. Sina macho ya mwaka juzi." Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige.

Akaita daktari. Daktari anasema siku tatu inabadilisha mambo. Pengine njia ya mtoto ni ndogo, tena kuna kovu, yeye angeshauri kupasua mapema. Lakini anayepasuliwa ndiye anasikia, anauliza, anaamua. Akamgeukia mke wa Kibet. Yeye akageukia ukuta.

Hapo nikaelewa. Ukuta ni mimi.

Nikasema, "Natoka. Nikiwa hapa hataongea." Mama Kibet aliniangalia kama ng'ombe amesema.

Nikakaa kwa benchi nje. Mlango ni wa mbao nyembamba. Nikasikia sauti, sikujua ni ya nani. Ni ya mke wa Kibet. Kumbe ni nzito. Aliuliza atalala kabisa au atasikia. Dawa itamdhuru mtoto? Na uchungu ukianza kabla ya siku yenyewe, afanye nini nyumbani? Baada ya hii anaweza kuzaa tena wangapi? Nilihesabu maswali saba. Daktari alijibu yote, na moja akarudia.

Kisha akasema, "Nataka mnipasue kabla uchungu haujaanza. Na mama akae na mimi."

Wakaniita. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa kwa karatasi, herufi zimeshikana kama za mwalimu. Alifika darasa la saba, mimi sikuwahi kuuliza. Sista akasema jina langu ni la ushahidi tu, yeye ndiye ameamua. Nikaandika chini yake. Jina langu lilikuwa kama uzio wa miti mizee.

Jumatano, 26 Mei

Ni leo. Wako huko. Mimi niko na ng'ombe. Nimemwaga ndoo nzima ya maziwa.

Alhamisi, 27 Mei

Dereva wa lori ameleta habari. Msichana. Wote wazima.

Nimekaa chini kwa nyasi. Nyasi ilikuwa na maji.

Jumapili, 6 Juni

Wamerudi jana. Mama Kibet amewapeleka nyumba yao. Mimi siingii huko, si desturi. Nilianza kupasua kuni karibu na ukuta wao, kazi ya kawaida.

Sauti ikatoka ndani. Ile nzito.

"Baba. Mtoto amelala."

Nikabeba shoka na kuni, nikahamia upande wa ng'ombe.