Kinachopita Chini Yetu

Jumatatu, 16 Novemba
Asubuhi nilikuwa naanika basibasi, yale maganda mekundu ya kungumanga, uani, ungo ukaniruka mkononi. Mtikisiko mdogo. Baada ya chai, mwingine. Hadi adhuhuri nimehesabu mitikisiko kumi na mmoja! Mume wangu, Hamsir, anasema ni malori. Malori gani? Barabara yenyewe leo haina hata pikipiki.

Jumanne, 17 Novemba
Thelathini na nane. Sasa nimejua: kwanza huja sauti. Mngurumo wa chini kabisa, kutoka baharini, unapita chini ya nyayo zangu ukielekea mlimani. Unapita — ndipo vikombe vinagongana. Nilisimama mdomo wazi. Miaka arobaini na mmoja nakikanyaga kisiwa hiki cha Halmahera, sikuwahi kudhani chini kuna njia.

Mama mkwe, Mama Saodah, kaweka kiganja ardhini kama anampima mtoto homa. Eti tetemeko linapita tu, halina habari na sisi.

Alhamisi, 19 Novemba
Amekuja mtu wa kituo cha volkano. Tumemsikiliza kwenye uwanja wa msikiti. Anasema sakafu ya bahari inazama chini ya kisiwa chetu, polepole kama ukucha unavyoota, tangu kabla hajazaliwa binadamu. Inakwama, inajinasua, inakwama tena. Huenda ndiyo hayo. Huenda ni moto unatafuta pa kupandia. Je, litakuja kubwa? Hajui. Tulale nje. Kasema "sijui" mara nne, na kila mara nikazidi kumwamini.

Tumefunga turubai uani, majirani wamejiunga. Hamsir hataki. Nyumba ya matofali kaijenga miaka tisa, lipu bado mbichi. Mama yake akamrushia: "Haya, kalale na mkeo wa saruji!" Tulicheka wote. Yeye hakucheka. Kaingia ndani, kafunga mlango.

Ijumaa, 20 Novemba
Sitini na mbili. Mwandiko mbaya — si mimi, ni meza.

Jumamosi, 21 Novemba
Leo asubuhi, mkubwa kuliko yote. Niliuona ukija! Minazi ya ufukweni ilianza kuinama, ikafuata ya nyuma yake, safu kwa safu, upepo hakuna, hadi ukatufikia ukanikalisha chini. Maji ya kisima yakaruka nje. Subhanallah! Niliogopa, ndiyo. Lakini juu ya woga kulikuwa na kitu kingine — sina neno lake. Nilijiona mdogo, na sikuumia.

Hamsir akatoka mbio, mweupe kwa vumbi la lipu. Ukuta wa sebule umepasuka, mkono unapenya. Nilidhani atalia. Akakaa karibu yangu, akaniuliza taratibu kama niliona minazi ilivyoinama. Tukashikana mikono kama wachumba.

Jumapili, 22 Novemba
Kimya. Tangu alfajiri, hata mtikisiko mmoja. Kimya hiki kinatisha kuliko mngurumo.

Majirani wanarudisha magodoro ndani. Hamsir anataka kufungua turubai, tulale ndani leo. Mama Saodah kaikalia kamba.

"Mama, limekwisha!"

"Limekuandikia barua?"

"Mama, inuka bwana."

"Niinue wewe, kama unaweza."

Sasa wote wananitazama mimi. Nitakalosema ndilo litakalokuwa. Nimewaambia ningojeni. Nimelala kifudifudi, sikio ardhini, daftari mbele ya pua. Udongo baridi. Hamna sauti. Hamna —

Hamsir ananiuliza nasikia nini. Nimemnyooshea kidole anyamaze.