Mchicha wa Maji ya Udhu

Tezo, Kilifi
14 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Rufaida,

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo, shangazi yangu. Hamjambo wewe na watoto? Joto la Maskati linawatendaje? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mvua za masika zimekatika juzi tu, na asubuhi shamba hufuka mvuke mpaka nasahau nilitoka kufanya nini. Nasimama na ndoo mkononi, kama ningali usingizini.

Nimeona nikuandikie, nimpe Ridhwan wa jirani anayekuja huko, maana kwenye simu sauti yako hunifanya niseme uongo. Mwezi jana uliponiuliza mbona Bibi hali, nilikwambia meno yanamsumbua. Meno gani, naye anayo mawili na hajawahi kuyalalamikia? Nisamehe. Kosa lilikuwa langu.

Unamjua mamako: chakula chake cha mchana ni mchicha wa nazi, tena wa matuta yake mwenyewe. Mwaka huu ulitoka mnyonge, nami nikataka kumfurahisha. Nikanunua yuria, ile mbolea nyeupe ya dukani, na kichupa cha homoni za kukuza mimea. Sasa cheka: Bibi alinifundisha kila tuta kibaba kimoja, nami nikapima kibaba. Nikasahau kwamba kibaba chake ni cha samadi ya mbuzi!

Loo, ulivyokua! Majani yalipanuka kama sahani, kijani kinachokaribia weusi, mashina yakanifika kiunoni. Alasiri nilikuwa nikiketi katikati ya matuta, upepo ukipita majani yananigusa mashavu, nikimwona Bibi amenenepa, nikikuona wewe umerudi, sote tumezunguka sinia moja. Niliota mengi pale, macho wazi. Nilikuwa na raha, sikufichi.

Kumbe uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Chunguni uliyeyuka ukabaki kidogo, unaelea majini. Bibi alionja tonge moja, akaisukuma sahani taratibu.

"Mchicha huu haunijui, mwanangu," akasema.

Tangu siku ile akawa anakunywa uji vijiko viwili, kisha anageukia ukutani. Wiki ikapita, ya pili ikaingia. Mkono wake ukawa mwepesi hata nikiushika nahofia. Nililia, shangazi, nikijua ni mimi niliyemnyima chakula chake.

Nikamwita Musyoka, yule Mkamba anayelima mboga za hoteli kule Bofa. Akavunja shina moja, maji yakamchirizika vidoleni.

"Dada Kaltuma," akaniambia, "naitrojeni iliyomo kwenye yuria ndiyo chakula cha majani, lakini haya umeyavimbisha. Yamekimbilia ukubwa, yakajaa maji. Halafu hiyo dawa ya kichupa ikayavuta kabla hayajakomaa. Utamu ungetoka wapi?"

Hata yeye hutia mbolea, lakini kwa kijiko.

Alhamisi ya wiki iliyopita, kabla ya adhuhuri, nilimshika Bibi mkono kwenda kutawadha. Unapakumbuka pale kando ya baraza: hataki kutawadhia penye saruji, anataka maji yake ya udhu yaangukie udongo, yasipotee bure. Basi pale miguuni pake palikuwa pameota mchicha wenyewe, mbegu zake za miaka yote, majani madogo, mashina mekundu. Mbolea yangu haikufika pale. Nilichuma kiganja kimoja, nikaupika kwa tui zito kama ulivyokuwa ukiupika wewe.

Alikula, shangazi! Aliifuta sahani kwa kidole. Kisha akautazama mlango wa jikoni, akauliza, "Rufaida amefika lini?"

Nikamjibu, "Leo asubuhi."

Sasa kila siku namchumia kiganja, naye anakula, na kila siku anauliza mbona hutoki jikoni kumpa mkono. Namwambia ungali unapika. Uongo wa meno nimekwisha kuutubu kwako. Huu wa pili siwezi kuutengua mwenyewe.

Baba anakusalimu sana, na majirani wote wa hapa. Nibusie Umair na Sahla, uwaambie binamu yao anawakumbuka. Mwenyezi Mungu akufungulie njia, akusahilishie safari. Nazi nitakuna mimi, moto nitawasha mimi. Wewe njoo tu, utoke jikoni.

Mwanao akupendaye,
Kaltuma