Nyuki wa Ndani ya Kasiki

Mama yangu usiyeniitika tena,

Salamu zikufikie huko uliko. Sisi huku wazima, na hilo neno wazima naliandika polepole, maana jana nusura lisiwe kweli.

Unalikumbuka lile kasiki lako la mbao, lenye pete mbili za chuma? Nililichukua ulipozikwa, pamoja na vyungu na upawa wako. Tangu babake Mize aende Tanga kwenye mkonge, pombe ya mtama ndiyo inayotulisha, kama ulivyonilisha mimi kwa kuwapikia wachumaji karafuu wa bara, hapa hapa nyuma ya Konde. Majirani bado wanapita kanga puani, na bado wananiamkia kwa adabu kama walivyokuamkia wewe.

Nilipokuwa mdogo ulinipakata, ukanilaza sikio kwenye ubao wa kasiki. Ulikuwa umeshachuja pombe, umetia konzi ya sukari guru, umegongomea kizibo na kukifunga kwa kamba ya makumbi. "Wawasikia nyuki?" Nikasema nawasikia. Ukacheka, ukaniambia hao ndio wa kumpanda mlevi puani. Pembeni ya kizibo palikuwa na kijiti kilichoziba tundu dogo. Kila asubuhi ulikivuta kidogo, kasiki likapiga fyuuu, ukakirudisha. "Litoe pumzi, mwanangu, lisije likakutoa wewe yako."

Halafu ikaja ile asubuhi uliyochelewa kukivuta. Nakumbuka mshindo. Nakumbuka povu ukutani, na wewe umekaa chini umejishika uso, damu inapita vidoleni, na bado unaniuliza mimi, "U mzima? Hebu njoo nikuone." Ukanitazama kwa jicho moja. Ndilo hilo ulilonilea nalo. Tangu siku ile hukuziba tena kasiki. Ukauza pombe ya mtungini, iliyolala, isiyo na povu, na anayenung'unika ukimwonyesha njia.

Na mimi nilishika njia yako hiyo, mama, mpaka alipokuja nyapara mpya wa wachumaji. Huyu kazoea soda za gololi za dukani kwa Mhindi, zinazochoma pua. "Mama Mize, pombe isiyonipigisha chafya ni uji, nami si mgonjwa." Akataka kasiki zima la kumalizia uchumaji, la sivyo watu wake wote wataenda kunywa kwingine. Nikaziba. Konzi moja ya sukari, kizibo, kamba, kijiti, vyote kama mkono wako.

Jana asubuhi nikavuta kijiti. Kimya. Nikatoka uani kumwuliza mavyaa wangu, mamake babake Mize, kama kaligusa.

"Nilionja kabla hujaziba, chachu kama ndimu. Nikaongeza sukari kidogo."

"Kidogo kiasi gani, mama?"

"Bonge moja. Kwani nimekutilia sumu?"

Bonge lake ni ngumi nzima, juu ya konzi yangu. Hapo ndipo nilipofahamu ule ukimya: tundu la kijiti limezibwa na machicha ya mtama. Kasiki halikulala, limekabwa koo.

Niliporudi ndani, maungio ya mbao yalikuwa yakitokwa povu jembamba kama jasho, na Mize kachuchumaa, mikono miwili imekumbatia kasiki, sikio ubaoni, uso chini ya kizibo.

"Mama, nyuki!"

Haki ya Mungu sikumfundisha mimi. Sikupiga kelele, niliogopa hata sauti yangu. Nilimnyanyua kwa makwapa nikampa bibi yake, nikawaambia wakimbilie mgombani wala wasigeuke. Kisha nikafunga mundu kwenye ncha ya ufito mrefu, nikajibanza nyuma ya ukuta wa mlango, nikaanza kuikereza ile kamba ya kizibo. Nilikuita. Nilikuita kama mtoto.

Kamba ilipokatika kizibo kiliruka, nami sikusikia tena kitu, masikio yalijaa mlio. Nilipochungulia, povu linanyesha kutoka darini na makuti yana tundu. Jua lilipita pale, likashuka mpaka pale pale alipokuwa amechuchumaa.

Mavyaa alilia. Sikumgombeza, nimemwambia tu kuwa chungu changu hatakitia mkono tena, akaitika. Nyapara alikuja kufuata kasiki lake. Nikamwambia, "Povu lako liko juu ya makuti, panda ukalilambe." Akageuka, akaondoka. Labda hatarudi, na watu wake nao. Hilo nitalibeba. Pete za chuma nimezing'oa kwa mkono wangu, mbao zimelala uani. Kasiki halipo tena.

Nilidhani hofu itakwenda nalo. Haikwenda. Mtoto akikohoa naruka. Kifuniko cha sufuria kikitikisika namvuta Mize nyuma yangu. Wewe uliwezaje, na jicho moja, kunichekea hata nikalala?

Aliniuliza nyuki wamekwenda wapi, nikamjibu wamehama. Basi anawatafuta nyumba nzima: anaweka sikio kwenye mtungi wa maji, kwenye kinu, ukutani. Leo nimejinyoosha mkekani kidogo, akaja akaniwekea sikio kifuani, akatulia. Kisha akasema polepole, kama anayeogopa kuwashtua:

"Mama, wamehamia humu."

Pumzika, mama. Mimi bado.

Mwanao uliyemlea kwa jicho moja,
Mama Mize