Doa Tulilolifuta

Shoga, uko hapo?

Unalikumbuka lile doa la baharini nililokwambia, kwenye picha zetu za kazini? Setilaiti inapima chumvi, pale inasema hakuna chumvi kabisa, mkuu wangu akasema ni rada za watu tu zinaingilia vipimo, futa. Nikafuta. Kila asubuhi nafuta, kama napangusa meza!

Sasa mjomba kanipigia kutoka melini. Nahodha yule, unamjua, hana mzaha. Meli imedidimia, anasema, kama imeongezewa shehena, na hawajapakia kitu. Wamekagua chini kote, hakuna panapovuja.

Mpishi wao akateka maji ya bahari kwa ndoo, akaonja. Shoga, AKAONJA. Matamu!

"Mpwa wangu, tunayanywa." Ndivyo alivyosema. Tunayanywa.

Ndiyo maana wamedidimia, maji yasiyo na chumvi hayaibebi meli vile.

Nimemwambia mkuu. Kainuka, kafunga mlango.

Mjomba kauliza kitu kimoja tu: ageuze upande gani atoke humo?

Basi nikarudisha vipimo vyote nilivyofuta, niutafute ukingo wa doa nimwelekeze.

Shoga, hakuna ukingo. Picha nzima ni doa.