Herufi I Nyuma ya Ngoy

Jumatatu, 3 Septemba 2012
Nimenyoa vichwa tangu asubuhi. Wanafunzi wa Glenwood, huku kwa Wazulu, wanapenda kinyozi aliyetembea: Lubumbashi, Lusaka, Maputo. Nikisimulia, hata nikikwaruza sikio hawasikii.

Jioni Neema, binti yangu, kaleta fomu ya basari, msaada wa karo. Anataka uuguzi. Fomu inasema ni ya Waafrika. Nimecheka. Mtu wa Kalemie, kule Kongo, asipokuwa Mwafrika, nani basi?

"Papa, hapa maana yake mwenyeji. Mwenye kitambulisho."

Nimemwambia atulie, kitambulisho tutasema iko njiani. Sisi ni Ngoy. Ngoyi ni jina la hapa. Nimeongeza i kwa mkono wangu. Herufi nyembamba kuliko zote. Itamuumiza nani?

Jumatano, 19 Septemba
Ameitwa kwenye usaili! Nimewatangazia wateja wote, na soda nimenunua. Kichwa cha Neema kimetoka kwangu, hilo nimewaambia pia.

Yeye hajala.

Ijumaa, 28 Septemba
Nilikaa kwenye korido, mlango haukufungwa vizuri. Kizulu cha Neema kilitiririka kama bomba. Nikajivuna. Halafu mama wa kamati akauliza, kwa furaha kabisa, akina Ngoyi wenu ni wa wapi, nyumba ya babu iko upande gani.



Mimi mwenye hadithi ya kila mji, nimeshika kofia tu.

"Kalemie, mama. Kongo. Ile i niliweka mimi," Neema akajibu.

Mtoto huyu. Nikasukuma mlango, nikasema ni mimi, si yeye.

"Baba, tafadhali. Tunaongea na mwombaji," akasema yule mama.

Nikatoka. Eish. Nimetolewa kwenye nchi nzima, lakini si namna hii.

Jumatatu, 1 Oktoba
Wamepiga simu. Jina limeondolewa. Wateja wanamuulizia nesi wangu. Nimesema bado. Utani umekataa kuja.

Jumapili, 21 Oktoba
Tumetoka kanisani. Kesho anaanza mitihani ya matric, ya kumaliza sekondari. Anapiga pasi sare, polepole, kola mara mbili.

Bila kuniangalia kauliza: "Papa, Lusaka kule, shule zao zinapokea watu kama sisi? Wewe si unaijua?"

Lusaka nililala stendi, usiku mmoja, juu ya begi. Asubuhi basi likaondoka.

Nimesema nitauliza watu wangu wa kule. Amesema sawa. Kanimiminia chai, sukari mingi, vile ninavyopenda.